Shukrani ya Mguu

Mara ya kwanza nilitukana.
Nilikuwa nateremka milima ya Cantal na duara sita za jibini,
kila moja kilo arobaini, zikiguna nyuma ya gari,
nami sikimbii, jibini halipendi haraka.
Kiooni ikaibuka taa moja,
ikakua, ikanipumulia mgongoni.
Nikasogea kulia, tairi likalamba nyasi,
nikaacha nafasi ya mtu kupita na roho yake.
Akapita. Na alipofika mbele yangu
akautoa mguu, akaunyoosha hewani,
buti jeusi, soli ikinitazama.

Ndiyo hayo, nikasema peke yangu,
fadhila ya punda ni mateke.

Nikaibeba hasira ile hadi gereji ya Anselme.
Alikuwa amelala chini ya trekta;
akacheka hata spana ikamtoka.
"Odile, hesabu viungo vyake.
Mkono wa kulia umeshika mafuta,
akiuachia tu, pikipiki inakata pumzi.
Wa kushoto unalinda klachi.
Kichwa kimefungiwa ndani ya chungu, tabasamu halina dirisha.
Amebakiwa na nini cha kukupa?"
Nikaitazama miguu yake iliyochomoza chini ya trekta,
soksi moja kijani, nyingine buluu,
nikakosa jibu.

Tangu siku hiyo naipokea.
Buti, raba, siku moja kandambili
(huyo nilimwombea).
Wengine hawatoi kitu. Sawa.
Sisogei ili nilipwe.
Nasogea kwa sababu mimi nina bati pande nne na mkanda kifuani,
na yeye ana koti la ngozi,
na chini ya ngozi hiyo, ngozi yake.

Oktoba, mvua imekatika asubuhi ileile,
kwenye kona ya machinjio ya zamani
nikainusa dizeli kabla sijaiona:
imetandaa lami nzima, inameta kama shingo ya njiwa.
Gari langu lilitikisika kidogo tu.
Lingeweza kuendelea.
Soko la Murat lilikuwa linaningoja, na deni la kodi nyuma yake.

Nikaegesha. Nikawasha taa za hadhari.
Nikatwaa kitambaa cha jibini, kile kinachonuka zizi,
nikapanda barabara na goti langu bovu,
nikasimama juu ya kona nikipepea kama mwendawazimu.
Akatokea Bwana Vaysse,
ambaye hatujasemeshana tangu kesi ya uzio.
Akashusha kioo, akanusa.
Hakuuliza kitu. Akaenda kusimama upande wa chini
na mwavuli mwekundu wa mkewe.

Saa nzima na nusu, hadi wazimamoto walipokuja na mchanga.
Pikipiki nne zilipita, kwa mwendo wa mazishi.
Ya tatu ilikuwa ya msichana,
nyuma amefunga boksi la keki kwa kamba za mpira.
Alisimama kabisa mbele yangu, akainua kioo cha helmeti:
macho mawili, wanja umechuruzika.
Akaitazama kona. Akautazama ule mng'ao.
Akameza mate.
Mikono yote miwili ilikuwa huru, angeweza kunipungia,
angeweza hata kusema,
lakini akautoa mguu,
akauning'iniza hewani kitambo, ukitetemeka,
kisha akateremka pole pole, kama anayevuka nyumba yenye mtoto aliyelala.

Bwana Vaysse akapanda, akihema.
"Yule msichana alitaka kukupiga teke?"
"Alinishukuru."
Nikamweleza habari ya mafuta, ya klachi, ya chungu.
Akasikiliza huku anakunja mwavuli,
akakunja vibaya, akaukunjua tena.
Halafu, bila kunitazama,
akainua mguu wake wa kulia, buti la mpira lenye matope,
akaunyoosha kuelekea kwangu,
akayumba,
nikamdaka kwapani.